Oili Haipimwi kwa Kidole

Mwanangu, asubuhi ile ya Dongobesh bado naikumbuka yote. Nikifumba macho naona ukungu juu ya mahindi, naona taa nyekundu ya oili inayokataa kuzimika mbele yangu, na namwona mzee mmoja mwenye koti zito akija mbio kutoka kwenye mashine ya kusaga, mikono yote miwili juu, kama mtu anayefukuza ng'ombe shambani.

"Zima," anasema. "Zima gari, binti."

Nakusimulia habari hii kwa sababu kila wiki mwenzako mmoja husimama mbele ya kaunta yangu hapa Babati, funguo za gari la zamani lenye tabo, yaani turbo, mkononi, akaniambia, "Shikamoo, Mama Salma. Nipe ile oili nzito kuliko zote, gari limezeeka." Naitikia marahaba, namsogezea kiti, na oili simpi mpaka tumeongea. Wengine huudhika wakaenda duka la pili. Wewe usiudhike. Kaa, nikueleze nilivyokaribia kuliua gari la mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe, huku nikijisifu.

Miaka ile mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mpya kabisa, ndiyo kwanza umekatwa kutoka Arusha. Ofisi zilikuwa zinahamia Babati na watumishi walizunguka Maisaka na Nakwa wakitafuta vyumba vya kupanga. Ukipita asubuhi unakuta nyumba, ukirudi jioni imebandikwa kibao imekuwa idara. Simu za mkononi nazo ndiyo zilikuwa zinaingia. Barabara zilikuwa vumbi, na vumbi hilo ulikumbuke, kwa sababu litarudi baadaye kwenye maneno yangu.

Nyumbani tuliuza asali. Marehemu mama ndiye aliyeianzisha njia ya kupanda nyanda za juu, kupita Dareda hadi vijiji vya Dongobesh, kufuata asali kwa wafugaji wa nyuki huko huko kwao. Alipanda na chumvi, sukari na sabuni, akateremka na ndoo za asali. Gari lake lilikuwa la dizeli, refu kwa nyuma, lenye tabo. Lilikwisha kutumika Japani kabla halijafika kwetu, na kwetu likatumika zaidi. Mama alipofariki, baba mguu ulikuwa unamsumbua, hawezi kukanyaga klachi. Nikashika usukani mimi. Nilikuwa nakaribia miaka thelathini, na nakwambia kweli, mwanangu, hapakuwa na mahali nilipojisikia mtu kama pale nyuma ya usukani ule, nikipanda mlima wa Dareda.

Sasa gari likaanza kutoa moshi, ule wa rangi ya bluu, unaoonekana zaidi ukikanyaga mafuta kupanda kilima. Kaka yangu Rajabu alikuwa anauona moshi huo kila siku, na kila siku alikuwa na neno.

"Hilo gari limekwisha kufa," alisema. "Linasubiri sanda tu."

Rajabu alitaka tuliuze, duka la asali tuligeuze kuwa la simu. Alikwishampata mnunuzi, tena mnunuzi mwenyewe hakulitaka gari. Aliitaka injini tu, akaifunge kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Magugu. Mimi ningekaa nyuma ya kioo niuze makava ya simu. Njia ya mama ingefia hapo, na wale watu wa Dongobesh waliozoea kutuwekea asali wangesubiri gari lisilokuja.

Baba alitusikiliza wote wawili siku tatu. Siku ya nne akaniita.

"Utakwenda safari hii moja," akasema. "Ukirudi na mzigo, gari linatembea kwa nguvu zake, litabaki, na njia ya mama yako itabaki mikononi mwako. Ukirudi unavutwa kwa kamba, nitamwachia Rajabu."

"Ndiyo, baba."

"Na kamba nitanunua mimi," Rajabu akasema. "Nene."

Nilijua lazima nibadilishe oili kabla ya kuondoka. Kila mtu niliyemuuliza alinipa jibu moja: gari likizeeka linataka oili nzito. Dereva wa lori alisema hivyo, mwosha magari akasema hivyo, hata mchinjaji wa nyama ambaye hajawahi kumiliki baiskeli alisema hivyo. Nikaenda duka la vipuri. Muuzaji alikuwa na madebe mawili yaliyofunguliwa, ya kupimia rejareja, akaniuliza nataka lipi.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Mimi nilikuwa mtoto wa asali. Nilifundishwa kuipima kabla sijajua kusoma. Unachovya kidole, unainua, unatazama uzi. Asali safi hutoa uzi mrefu usiokatika. Asali iliyotiwa maji huteleza, hukatika mapema, humwagika mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kwa kidole hiki hapa nilimkamata mdanganyifu wa asali mbele ya soko zima, na watu walinijua kwa kazi hiyo.

Basi nikachovya kidole kwenye debe la kwanza. Oili ikateremka haraka hadi mkononi.

"Hii imetiwa maji," nikasema.

Nikachovya la pili. Uzi ukatoka mrefu, mzito, unang'aa. Lilikuwa debe la oili namba hamsini, ile iliyoandikwa 50 peke yake, bila namba ya pili.

"Dada, kumbe unajua," muuzaji akasema, akinicheka au akinisifu, mpaka leo sijui.

Nyuma yangu walisimama wanaume wawili. Mmoja akasema, "Na mimi nipe hiyo hiyo aliyopima dada." Wa pili naye akasema hivyo hivyo. Nikatoka pale kichwa juu, sikujikwaa hata kwenye mtaro.

Tena ubaya wake ni kwamba ilionekana imefaa. Injini ilitulia. Kelele ilipungua, moshi ukapungua. Rajabu akasimama nyuma ya bomba la eksozi akitafuta moshi wa kunisemea, akaukosa. Siku nzima nilikuwa sishikiki.

Kesho yake nikapanda. Mlimani gari lilikuwa zito kuliko nilivyolizoea, nikajiambia ni chumvi na sukari. Nilifika jioni kwa Mama Paskali, mwenyeji wa mama tangu zamani, ambaye mumewe alifuga nyuki. Wazee wawili walikuwa wamesimama uani. Nikazima injini hapo hapo, magurudumu hayajasimama vizuri, nikaruka chini kuwaamkia. Kwetu, kumpa mtu mzima shikamoo huku injini inanguruma ni sawa na kumwamkia huku unatafuna. Nilifunzwa hivyo. Kumbe hata adabu ile ilikuwa inaliumiza gari, lakini nitakufikisha huko.

Tulipakia ndoo za asali jua likiwa bado lipo. Nikala, nikalala. Asubuhi palikuwa na baridi ile ya nyanda za juu ambayo mtu wa Babati anaisahau mpaka imshike masikioni. Kioo cha gari kilikuwa kimejaa umande. Nikawasha. Injini ikazunguka polepole, kama mtu anayeburutwa kutoka kitandani, ikazunguka tena, ikashika. Taa nyekundu ya oili, ambayo siku zote huzimika kabla hujaondoa mkono kwenye ufunguo, ikabaki inawaka.

Nikahesabu moyoni mpaka kumi. Inawaka. Nikaona labda injini haijaamka vizuri, nikakanyaga mafuta kuiamsha. Mwanangu, hakuna kosa kubwa kuliko hilo ningeweza kulifanya saa ile. Kutoka upande wa tabo ikatoka sauti nyembamba, kavu, inayopanda, kama kisu kinanolewa. Ndipo yule mzee akaja mbio.

Nikazima. Nikashuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeweka nini humo ndani?"

"Oili, mzee."

"Oili gani?"

"Nzuri. Nzito. Nimeichagua mwenyewe."

"Umeichaguaje?"

Nikamwonyesha kwa vidole, nikivigusanisha na kuviachanisha taratibu, jinsi uzi unavyovutika. Akanitazama vidole, akazitazama ndoo nyuma ya gari.

"Kumbe umepima asali," akasema.

Akina mama waliokuwa wanasubiri kusaga mahindi walicheka. Mmoja akasema, "Basi aipake kwenye mkate."

Mzee huyo aliitwa Mzee Sulle. Alikuwa ameendesha malori ya misheni na kuyatengeneza kwa miaka mingi, mpaka macho yalipomkataza barabara. Siku hizo alikuwa anaitunza ile mashine ya kusaga nyuma ya nyumba ya Mama Paskali, nayo ilikuwa ya dizeli. Alikuwa ameisikia sauti ya tabo yangu juu ya sauti ya mashine yake.

Mimi sikukubali kirahisi. Nilikuwa nimesifiwa dukani.

"Mzee, gari hili limezeeka," nikasema. "Kitu kizee kinataka kitu kizito."

"Mimi ni mzee," akasema. "Nikiamka na baridi hii utanipa nini kwanza, chai au kiporo cha ugali?"

"Chai."

"Kwa nini?"

"Inateremka."

"Eeh," akasema, akaenda zake bandani.

Akarudi na bomba jembamba la chuma, refu kama mkono wangu, lililokuwa likining'inia kwenye msumari. Akaniambia hilo ndilo bomba linalopeleka oili kwenye tabo, alilitoa kwenye lori la zamani. Akanionyesha na tabo yenyewe chini ya boneti, kile chombo chenye umbo la konokono. Akasema moshi unaotoka kwenye injini ndio unaozungusha feni ndani yake, na feni hiyo inasukuma hewa nyingi kuingia kwenye injini, ndiyo maana gari dogo linapanda mlima kama kubwa. Feni imefungwa kwenye chuma chembamba, na chuma hicho kinazunguka kwa kasi kuliko kitu kingine chochote kwenye gari. Hakishikwi na kitu kigumu. Kinaelea juu ya oili.

"Kinaelea," akarudia, kidole juu. "Oili ikichelewa kufika, kinasaga chuma mwenzake. Ule uliousikia ulikuwa ukelele wake."

Nilikuwa nimebeba galoni ya ile oili yangu ya akiba, ilikuwa imelala garini. Yeye alikuwa na galoni ya oili ya mashine yake, ilikuwa imelala bandani. Baridi moja, ukungu mmoja. Akamwomba Mama Paskali faneli na glasi mbili. Akamimina ya kwake kwanza kupitia kwenye bomba, akaniambia nihesabu kwa sauti. Nilipofika tisa tone la kwanza likaanguka, na kabla ya ishirini ilikuwa inatiririka kama uzi.

Kisha akamimina ya kwangu. Ikakaa kwenye faneli inatutazama. Nikahesabu mpaka kumi, mpaka ishirini. Akina mama wa mahindi wakaanza kuhesabu pamoja nami, wote kwa sauti moja, kama watoto wa darasa la kwanza. Tulipopita arobaini ndipo likatoka tone moja, likaning'inia, halitaki kuanguka.

Hapo hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa naitazama tabo, nikifikiria chuma kile kikizunguka kikavu muda wote huo, na mguu wangu juu ya mafuta.

"Kitabu cha gari kiko wapi?" Mzee Sulle akauliza.

"Halina kitabu, mzee. Limekuja hivyo hivyo."

Alikuwa ameegemea mlango wa dereva. Akavuta kitu kilichobanwa kati ya mlango na kioo, na kioo kikaanguka ndani ya mlango papo hapo.

"Na hiki ni nini?"

"Kilikuwa kinazuia kioo kisianguke."

Kilikuwa kitabu cha gari. Baba alikikunja akakibana pale miaka kadhaa nyuma, kwa kuwa kimeandikwa Kijapani na hapakuwa na kazi nyingine ya kukipa. Mzee Sulle akakifungua polepole, kurasa zimeshikana kwa vumbi.

"Mimi Kijapani sikijui," akasema. "Wewe unakijua?"

"Hapana."

"Namba unazijua?"

"Ninazijua."

"Basi tutakisoma."

Akafika kwenye ukurasa uliokuwa na picha ya kipimajoto, baridi upande mmoja na joto upande mwingine, na juu yake mistari minene, kila mstari na namba zake za oili. Kulikuwa na mstari mfupi upande wa joto tu. Huo ulikuwa wa oili nzito, ndugu yake ile yangu. Na kulikuwa na mstari mrefu ulioanzia kwenye baridi kuliko ya Dongobesh ukaishia kwenye joto kupita la Magugu. Pembeni yake kumeandikwa 15W-40. Nikaigeuza galoni ya Mzee Sulle. 15W-40.

Jibu langu lilikuwa limekaa mlangoni pa gari miaka yote, likishikilia kioo.

Akanifafanulia namba hizo akiwa ameketi kwenye gunia, bila haraka, na hivi ndivyo nami ninavyozifafanua mpaka leo. Namba ya kwanza, yenye W, inakwambia oili inavyotembea asubuhi ya baridi. Ikiwa ndogo, oili inateremka upesi. Namba ya pili inakwambia unene wake injini ikishapata moto. Ikiwa kubwa, inabaki na unene zaidi kwenye joto. Oili yenye namba mbili inateremka kama chai asubuhi, na mchana mlimani bado ina mwili wa kukibeba kile chuma. Oili yenye namba moja peke yake, kama ile yangu, haina upande wa asubuhi. Inafaa kwa mashine zilizotengenezewa oili hiyo, mahali pasipo na baridi.

"Lakini moshi ulipungua, mzee," nikasema. Nilikuwa bado nimeshika kipande cha sifa zangu.

"Moshi ulifunikwa. Hebu fungua filta ya hewa."

Nikafungua. Mwanangu, niliona aibu. Ile filta ilikuwa nyekundu kama tofali. Mzee Sulle akaigonga kwenye jiwe, likatoka wingu zima.

"Vumbi hili ni la tangu tulipokuwa Mkoa wa Arusha," akasema, na akina mama wakacheka tena, na mara hii nami nikacheka.

Akanieleza kwamba yule konokono akizibwa mdomo, anavuta hewa kwa nguvu asiipate, basi anaanza kunyonya oili ya mwili wake mwenyewe na kuipeleka kwenye injini ikaungue. Ule moshi wa bluu uliomfanya Rajabu alitangazie gari msiba ulikuwa ni vumbi la barabara lililokosa mtu wa kulikung'uta.

Tukasubiri jua lipande ili oili ilegee, tukaimwaga yote, tukaweka ya Mzee Sulle. Filta ya hewa tukaipuliza kwa pampu ya baiskeli, kutoka ndani kwenda nje. Filta ya oili hakuwa nayo, akaniapisha niibadilishe siku hiyo hiyo nikifika Babati. Kisha akachomoa waya mmoja ili injini izunguke bila kuwaka, oili itangulie kufika kila mahali. Akaniambia niizungushe mara tatu, akaurudisha waya.

"Sasa washa. Na mguu uuweke mbali."

Nikawasha. Taa nyekundu ikazimika kabla sijaondoa mkono kwenye ufunguo.

Akina mama wakapiga vigelegele pale kwenye foleni ya mahindi, kana kwamba nimejifungua. Mama Paskali akanipiga mgongoni mpaka nikakohoa. Nikakaa pale nisikilize, na konokono akawa ananong'ona tu, sauti laini, hakuna kisu.

Nilitaka kumpa Mzee Sulle ndoo ya asali. Akakubali chupa moja, na kabla ya kuipokea akachovya kidole, akainua uzi.

"Safi," akasema. "Binti, asali unaijua sana, na ndiyo iliyokukosesha. Ukijua kitu kimoja vizuri, unasahau kuuliza kingine. Uliza. Kitabu kipo, na wazee tupo." Kisha akaongeza, "Na jana nilikusikia ukifika. Umetoka mlimani, tabo imeiva, ukazima papo hapo uje kuamkia watu. Oili iliyobaki mle inaungua, inakuwa masizi. Wape wazee shikamoo dirishani, acha gari lipumue dakika mbili, ndipo uzime. Shikamoo yako itafika."

Niliondoka na mzigo wangu wote. Kabla ya kuteremka Dareda kuna kilima kirefu cha udongo mwekundu, na hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa. Nilianza kukipanda polepole, nikangoja injini ipate moto vizuri, ndipo nikakanyaga. Nikasikia tabo inashika, na gari zima, na ndoo zote za asali, likasukumwa mbele kama kuna mikono nyuma yake. Sikurudisha gia. Juu kabisa nikatazama kwenye kioo cha nyuma kuona moshi. Niliona barabara, na vumbi letu, na anga. Niliimba peke yangu mpaka Dareda, na sina sauti.

Rajabu alikuwa mbele ya duka na kamba yake begani. Ilikuwa nene kweli, hakudanganya. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake na fimbo yake. Nikasimamisha gari, injini inanguruma.

"Zima basi," Rajabu akasema. "Tumeona umefika."

"Bado."

"Unaogopa haitawaka tena?"

Nikatoa kichwa dirishani, mbele ya soko zima, nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani.

"Shikamoo, baba."

Majirani wakageuka kutazama. Baba aliinuka, akaja na mguu wake mbaya mpaka mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti. Alisikiliza. Akaenda nyuma, akatazama bomba la eksozi, akaweka na kiganja hapo, akakinusa. Akarudi mpaka dirishani, na wakati huo dakika mbili zilikuwa zimekwisha, nikazima.

"Marahaba," akasema. "Moshi uko wapi?"

"Nimeuacha Dongobesh, baba. Ulikuwa kwenye filta ya hewa."

Akacheka. Tangu mama afariki sikuwa nimemsikia akicheka hivyo, kwa tumbo. Akamgeukia Rajabu.

"Mwambie yule mtu wa Magugu atafute injini nyingine. Na hiyo kamba usiitupe, dada yako atafungia ndoo safari ijayo."

Rajabu alishusha asali yote mwenyewe, ndoo kwa ndoo. Ya mwisho aliposhusha akaniambia, "Umetisha, dada," akaenda kunawa mikono. Simu zake aliuza baadaye kwenye kibanda chake mwenyewe, na aliuza vizuri.

Filta ya oili niliibadilisha jioni hiyo hiyo. Kesho yake nilikuwa na kazi nyingine ngumu zaidi, kuwatafuta wale wanaume wawili walionunua oili kwa kidole changu. Nikawapata, nikawaambia mbele ya watu kwamba nilikosea, nikawaomba waniletee vitabu vyao vya gari. Mmoja alikuwa na lori la zamani lisilo na tabo, na kitabu chake kiliiruhusu ile oili nzito, nikamwacha nayo. Wa pili alikuwa na tabo kama mimi, tukaimwaga siku ile ile. Tangu hapo watu wakaanza kuniuliza habari za oili zaidi ya asali. Ndiyo maana duka langu leo lina rafu mbili, upande huu asali, upande huu oili, na wageni hushangaa. Gari la mama lilipanda Dareda miaka mingine mingi, na lilipostaafu lilistaafu kwa heshima, likiwa linawaka.

Basi mwanangu, unayemiliki gari la zamani lenye tabo, nikuachie maneno yangu. Kabla hujauliza oili ipi ni nzito, uliza kitabu kinasemaje. Kama kitabu hakipo, tafuta maandishi chini ya boneti, yafute kwa kitambaa usome namba. Fikiria asubuhi yako iko wapi na mchana wako uko wapi. Anayelala Mbulu na anayelala Magugu hawaamki na baridi moja. Tazama na herufi kwenye galoni: oili ya dizeli alama yake huanza na C, ya petroli huanza na S, na uhakikishe inafaa kwa tabo. Kama injini imechoka kweli, inakunywa oili, na unaishi kwenye joto, unaweza kupanda hatua moja ya unene, hatua ambayo kitabu chenyewe kinairuhusu, usiruke ngazi. Wala usitoke hapa ukakimbilia nyepesi kuliko zote kwa kuwa umenisikia nikiisema nzito. Nyepesi mno nayo, injini ikiiva, haina mwili wa kukibeba kile chuma. Ukiona moshi, tafuta unakotoka kabla ya kuufunika, na anzia kwenye filta ya hewa, maana vumbi letu unalijua. Asubuhi, mguu uwe mbali mpaka taa izimike na injini itulie. Jioni, lipe dakika mbili. Watu wazima watakusubiri, nao wakikuuliza, waambie ni Mama Salma aliyekutuma.

Na zaidi ya oili, usione haya kusema "nilikosea" mbele ya waliokusifu. Mimi nilisema, na nyumba yangu imesimama juu ya neno hilo.

Mungu akupe safari za kwenda na za kurudi. Akupe mlima na nguvu ya kuupanda, akuwekee mzee njiani mwenye sikio la kusikia kinachokuumiza kabla wewe hujakisikia. Na ufikapo nyumbani, wakukute wako wote mlangoni, gari linanguruma taratibu, nawe ukiwaamkia dirishani bila haraka.